Koili Mbili za Bwana Honi

Jumatatu, tarehe 2, mwezi wa tatu
Mvua imeanza. Baba Mdogo amenipa daftari hili niandike hesabu ya mizunguko ya waya, kwa sababu wiki iliyopita nilisuka mota ya pampu, hesabu ikanipotea kwenye mia mbili na kitu, nikakadiria, na pampu ikawa inazunguka kwa uvivu kama mimi asubuhi.
"Andika, Profesa," akasema. "Kichwa chako kina matundu."
Sawa, ninaandika. Lakini kurasa ni nyingi na mizunguko ni michache, kwa hiyo mengine yatakayoingia humu ni shauri langu. Kwa faida ya panya atakayelisoma: mimi nina miaka kumi na tisa, nasuka mota zilizoungua katika karakana ya Baba Mdogo, na shule niliiacha kidato cha pili. Tulikuwa tumechokana, shule na mimi. Mikono yangu ni ya kwanza mtaani kote. Baba Mdogo anasema ni ya pili, lakini huyo anajihesabu na yeye.

Alhamisi, tarehe 5
Mota ya feni, mizunguko 340. Mvua.

Jumatatu, tarehe 9
Leo adui ameniletea kazi kwa mikono yake mwenyewe. Kalamu inaruka.
Lori la yadi ya vyuma chakavu limeingia kinyumenyume hadi mlangoni, na juu yake imelala sumaku ya kreni, duara, nene, nzito, kama sufuria ya jitu iliyofunikwa kifudifudi. Aliyeshuka mbele ni Honi.
Honi ni mnyapara wa yadi, na kreni anaiendesha mwenyewe. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu hawezi kunyanyua hata kopo bila kupiga honi mara mbili, watu wote wageuke wamtazame. Miezi minne iliyopita alikuwa juu ya kreni hiyo na Kaka yangu alikuwa chini. Kazi ya Kaka ilikuwa kugonga mzigo. Sumaku ikishanyanyua vyuma hadi usawa wa kiuno, inasimama, mtu wa chini anasogea, anavigonga kwa nondo asikilize kama kuna kipande kimeshika vibaya, ndipo mzigo uende juu ya lori. Siku hiyo Kaka aligonga mara moja. Mara ya pili hakuwahi. Mzigo wote ulimshukia mguuni.
Honi akaandika barua. Naijua kwa moyo kuliko sala: "Ajali imetokana na uzembe wa mhusika mwenyewe, aliyesogelea mzigo bila kuamriwa." Ikabandikwa langoni, kila mfanyakazi akaisoma. Kaka akarudi nyumbani na mguu wa kushoto usiokunjika, na kila yadi anayokwenda kuomba kazi wanapiga simu kwanza, wanasomewa barua. Hakuna anayemtaka mtu mzembe.
Honi aliponiona akacheka. "Kumbe uko hapa! Yule mzembe wenu hajambo?"
"Hajambo. Shikamoo."
"Marahaba."
Shikamoo yangu ilikuwa na meno, lakini hakuyaona. Akamwambia Baba Mdogo, "Imekuwa dhaifu, mzee. Inanyanyua kama mgonjwa. Isuke upya yote, bosi anaitaka wiki ya kwanza ya mwezi ujao." Bosi wao ni mwanamke, mwenye yadi, kila mtu humwita Mama Yadi.
Baba Mdogo akaipapasa sumaku kama daktari. Ni miaka ishirini tangu afungue karakana hii, na hakuna kazi yake hata moja iliyowahi kurudishwa. Jambo hilo analisema kila siku, kama wengine wanavyosema habari za asubuhi.

Jumamosi, tarehe 14
Nimefungua kifuniko. Lazima niandike polepole, maana nikiandika haraka nitatoboa karatasi.
Kwanza panya wangu aelewe. Sumaku ya kreni si sumaku. Ni chuma cha kawaida chenye moyo mnene katikati, na waya wa shaba umeuzunguka moyo huo mamia ya mara. Waya peke yake ni waya, na chuma peke yake ni chuma. Pitisha umeme kwenye waya, chuma kinapata kiburi, kinakamata kila chuma kilicho karibu. Kata umeme, kinasahau kila kitu, kinaachia. Ndiyo raha yake: unakamata ukitaka, unaachia ukitaka. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza mizunguko au unaongeza umeme, ila umeme ukizidi waya unapata moto, na waya wenye moto hupitisha umeme kwa shida.
Hii ya Honi ina koili mbili, yaani mafungu mawili ya waya uliozungushwa, ya juu na ya chini, zimeungwa zifuatane. Umeme ukitoka ya juu unaingia ya chini. Na pale kwenye kiungo, mahali palipopaswa kulehemiwa, nimekuta waya umesokotwa kwa mkono kama mkia wa mbuzi, ukaviringishwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira umeungua, shaba ni nyeusi.
Maana yake kila kreni ilipotikisika, kiungo kiliachana na kushikana. Kikiachana, umeme hakuna. Umeme ukikosekana, chuma kinasahau. Na Kaka alikuwa pale amesimama na nondo yake.
Nikamwita Baba Mdogo. Akakinusa kile kiungo. "Hiki kimeshika moto zaidi ya mara moja."
"Ndicho kilichomvunja Kaka."
"Inawezekana."
"Inawezekana! Baba Mdogo!"
"Sisi mafundi, si mahakimu. Kitupe, usuke upya."
Nilikikata. Sikukitupa. Kimo ndani ya kopo tupu la vanishi, chini ya benchi langu.

Jumanne, tarehe 17
Koili ya chini, mizunguko 118. Mvua. Honi, Honi, Honi.

Jumatano, tarehe 18
Nilirudi nyumbani mapema, nikamkuta Kaka kwenye kigoda chake barazani, mguu ameunyoosha mbele kama kitu alichoazima. Zamani alikuwa akiingia, nyumba inajaa. Sasa unaweza kukaa naye saa nzima ukasahau kwamba yupo. Nilimwonea hasira kidogo, naandika ukweli. Mtu amevunjwa mguu na jina, amekaa anaangalia mvua.
Nikachukua msumari, waya na betri ya tochi, na pini za Mama. Nikazungusha waya kwenye msumari mara thelathini. Msumari ukaokota pini sita.
"Ongeza waya," akasema Kaka.
Nikafika sitini. Pini kumi na moja.
"Sasa tazama uchawi," nikamwambia. Nikatoa nusu ya waya, nikaurudisha kwa kuzungusha upande mwingine. Waya ni uleule, betri ni ileile, mizunguko ileile sitini. Pini hata moja haikusogea. Ukikunja vidole vya mkono wa kulia vifuate umeme unavyozunguka, dole gumba linaelekea kaskazini ya sumaku. Nusu ya kwanza ilisukuma kaskazini kwenye kichwa cha msumari, nusu ya pili ikaisukuma kwenye ncha. Zinapigana humo ndani, betri inakwisha, waya unapata moto, na nje hakuna kinachoonekana.
Kaka akaugusa msumari. "Wa moto kweli." Halafu akasema, "Kule yadi, jua likiwaka, sumaku ilikuwa inachoka saa saba mchana. Nilikuwa namwambia apumzishe."
"Na yeye?"
"Anapiga honi."
Nikataka kumwambia kuhusu kile kipande. Nikamwacha. Nitamwambia kazi ikishaisha. Na mpango wa kumshughulikia Honi ulinijia palepale, nikiwa nimeshika msumari wa moto.

Jumamosi, tarehe 21
Koili ya juu, mizunguko 118. Vanishi haikauki kwa unyevu huu. Baba Mdogo ameziweka koili ndani ya pipa na kuziwashia balbu nne. Karakana nzima inanuka kama kiatu kipya.

Alhamisi, tarehe 26
Nimekuwa nikilala nao huu mpango na kuamka nao. Ningeweza kumpelekea Mama Yadi kile kipande kimyakimya, akaniambia asante kijana, Honi akakana, basi. Sitaki basi. Kaka aliaibishwa langoni mbele ya watu wote. Na Honi aaibike mbele ya watu haohao, kwenye kiti chake cha kreni, mkono ukiwa kwenye honi.
Nguvu zote za umeme zipande, na sumaku isiokote hata kisoda. Simdhuru mtu. Hakuna kitakachoanguka kwa sababu hakuna kitakachonyanyuka. Kisha mimi, bingwa, nitajitokeza, nitaifungua, nitageuza waya mbili, itafanya kazi, na hapo ndipo nitakitoa kile kipande mbele ya kila mtu.
Nani amefikiria kitu kizuri hivi akiwa na kidato cha pili tu? Nitajieni.

Jumatatu, tarehe 30
Tumeijaribu. Baba Mdogo ameupitisha umeme, akaleta spana kubwa karibu, spana ikamchomoka mkononi ikagonga sumaku, ikalia kama kengele. Akacheka kama mtoto. "Hii itamzika kwa vyuma anayeiendesha," akasema. Akaandika kwenye kitabu chake: imepimwa, nzima. Akatia sahihi.

Alhamisi, tarehe 2, mwezi wa nne
Baba Mdogo alikwenda kununua karatasi ya kuhami waya. Nikafungua kisanduku cha waya kilicho juu ya sumaku, nikageuza ncha mbili za koili ya chini. Skrubu nne. Nikafunga. Siku ya kuipeleka yadi ni Jumanne.

Jumanne, tarehe 7
Siku ndefu. Niandike yote.
Mvua iliacha asubuhi, yadi ikawa matope ya kahawia yenye rangi za mafuta. Sumaku tuliifunga kwenye kreni, Baba Mdogo, mimi na wapakiaji wawili. Mama Yadi alitoka ofisini na mabuti ya mpira na mwavuli uliofungwa, na wafanyakazi wote wakasogea, kwa sababu Honi alikuwa ametangaza kwamba mashine yake imerudi upya. Aliposema "yangu" nilitabasamu.
Akapanda. Honi mara mbili. Sumaku ikashuka juu ya lundo la rimu na mabomba. Akawasha. Mshale wa umeme, nilimwona akiutazama, ulipanda hadi juu kabisa, na uso wake ukapanda nao. Akavuta kamba. Sumaku ikapaa.
Tupu.
Hata kisoda hakikumfuata.
Akaishusha, akawasha tena, akavuta. Tupu. Mara ya tatu mpakiaji mmoja akapaza sauti, "Piga honi tena, bosi, pengine haijasikia!" Yadi nzima ikaangua kicheko. Walicheka wakashikana mabega. Honi alikuwa mwekundu hadi masikioni na jasho linamchuruzika, na mimi nilikunywa ile hali kama maji ya baridi. Nilijisemea, kunywa na wewe, Kaka.
Kisha Honi akazima, akaiacha sumaku juu ya lundo, akashuka. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Baba Mdogo.
"Mzee, umenisukia sumaku au umenisukia kapu?"
Wakacheka tena. Safari hii walimcheka Baba Mdogo.
Mama Yadi akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Fundi, miaka yote hii nakuamini wewe tu."
Baba Mdogo akaitazama sumaku. Akanitazama mimi. Mara moja tu, akageuza macho. Alikuwa ameipima kwa mkono wake, na mtu mwingine aliyekigusa kile kisanduku alikuwa mmoja. Nikangoja anitaje. Akavua kofia.
"Kosa ni langu, mama. Nitairudisha karakana niirekebishe."
Miaka ishirini, bila kazi hata moja kurudishwa. Aliitoa yote kwa maneno hayo machache, kama mtu anayetoa shati.
Katika ule mpango wangu mzuri sikuwa nimemweka Baba Mdogo popote. Nilikuwa nimewapanga Honi, Mama Yadi, wapakiaji, na mimi mbele yao wote. Nikahisi navutwa pande mbili kwa nguvu sawasawa, na sikusogea. Ningekaa kimya, Honi angebaki na aibu yake, na Baba Mdogo na yake.
"Si yake," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, ya kuku. "Ni mimi. Nimegeuza waya makusudi."
Nikapanda juu ya sumaku, bisibisi mkononi, skrubu nne. Nikawaeleza huku nafungua: koili mbili, zikizunguka upande mmoja zinasaidiana, ukigeuza moja zinapigana. Nikashuka. "Washa."
Honi hakusogea. Mama Yadi akasema, "Washa."
Akapanda, akawasha, na nusu ya lundo ikaruka kuikumbatia sumaku kwa kishindo. Hakuna aliyecheka.
"Kwa nini?" akauliza Mama Yadi.
Nikakitoa kile kipande mfukoni, na ukanda wake wa mpira. "Mama, hiki kilikuwa ndani, kati ya koili na koili. Hakikulehemiwa. Kreni ikitikisika kinaachana, mzigo unaanguka. Kaka yangu hakuwa mzembe."
"Mwongo na mhuni!" Honi akapiga kelele. "Amekiri mwenyewe kaharibu mashine ya watu! Na hicho kipande kamuulize huyo kaka yake, yeye ndiye aliyekifunga!"
Nilihisi kama yale matope yamenifika shingoni.
Lakini Mama Yadi alikuwa anamtazama Honi. Akauliza polepole, "Kwa hiyo ulijua kwamba kimefungwa?"
Honi akafungua mdomo. Honi wa kelele zote. Haukutoka mlio.
Jioni nilimwekea Kaka kile kipande mapajani. Akakigeuza. Akautambua mkunjo wa mpira.
"Ndiyo. Nilifunga mimi."
"Miezi minne, Kaka! Hukusema!"
"Waya uliachana saa nne asubuhi. Nikamwambia upelekwe kwa fundi. Akasema malori mawili yanangoja, funga, mengine niachie mimi. Nikamwambia fundo halitadumu hata siku mbili. Akasema funga. Nikafunga." Akakigeuza tena kile kipande. "Lilidumu siku tisa. Na kila siku nilikuwa nagonga mzigo kwa nondo, nikijua. Ningewaambia nini watu? Kwamba mguu wangu umevunjwa na fundo langu mwenyewe?"

Jumatano, tarehe 8
Mvua. Baba Mdogo hajanisemesha.

Alhamisi, tarehe 9
Mama Yadi alikuja nyumbani na mabuti yaleyale. Mama alimpa kiti kizuri. Mgeni akamwuliza Kaka, Kaka akamwambia yote, na fundo lake bila kulificha. Mama Yadi akasikiliza hadi mwisho.
"Yule nimemshusha kwenye kreni," akasema. "Kuendesha kreni ni kazi ya mikono. Mguu ukiruhusu, kiti ni chako. Na barua nitaifuta."
Nikasema kimoyomoyo, basi, tumeshinda. Nikamgeukia Kaka nimwone akilia au akicheka.
"Usiifute, mama," akasema. "Iandikwe nyingine. Aiandike yeye, kwa mkono wake. Aandike kwamba nilimwonya. Aandike na kwamba nilifunga mimi. Ibandikwe palepale langoni. Ila kabla ya hapo ailete hapa mwenyewe."
Mama Yadi akamtazama, akakubali kwa kichwa. Na mimi nikamtazama. Huyu mtu niliyekuwa nikipita karibu yake kama napita karibu ya kabati.

Jumatano, tarehe 15
Baba Mdogo amefungua kinywa. Hukumu: sigusi waya mpya hadi mvua za mwakani. Nitakuwa natoa waya ulioungua kwenye mota mbovu tu. Na kila mteja akiingia, nimwambie mwenyewe kwamba karakana hii imewahi kurudishiwa aibu moja tu, na aibu hiyo ni mimi.
"Baba Mdogo, hiyo ni adhabu au tangazo?"
"Toa waya."
Leo wateja wanne. Wa tatu ameniuliza kama anaweza kuitazama hiyo aibu vizuri. Nikageuka pande zote.
Nilipokuwa nafunga mlango nikamwomba radhi, bila mzaha. Akasema, "Ungeniambia tu unataka nini." Nikasema, "Ungekataa." Akafikiri. "Ningekataa," akasema, na akanipa mwavuli wake niende nao nyumbani.

Jumamosi, tarehe 18
Honi amekuja. Kwa miguu, na viatu vyake vya ofisini vimejaa tope. Alisimama nje ya baraza na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Hakuna aliyemwambia aketi. Nilikuwa nimeandaa maneno saba ya kumtupia, yote makali, na mojawapo nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Kaka akaninyooshea kidole kimoja, nikayameza yote saba.
"Shikamoo," nikasema tu.
Hakuitikia. Akaitoa karatasi, akamnyooshea Kaka.
"Nisomee," akasema Kaka.
Honi akasoma. Kwamba yeye, mnyapara, alijua kiungo cha sumaku kimeharibika. Kwamba mgonga mzigo alimwonya. Kwamba alimwamuru akifunge kwa mpira, naye akakifunga kwa mkono wake. Kwamba huyo mgonga mzigo aliusogelea mzigo kwa sababu ndiyo kazi aliyoamriwa. Kwamba barua ya kwanza ilikuwa ya uongo. Aliisoma haraka, kichwa chini, kama mtu anayevuka barabara.
Kaka alikuwa amefumba macho. "Rudia," akasema. "Hapo kwenye onyo hukusikika."
Akarudia. Majirani wawili waliokuwa wanapita walisimama.
"Rudia. Polepole."
Mara ya tatu sauti ilimkatika kwenye neno "uongo", ikabidi alianze upya. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, na nakiri humu ndani, siku zote nilidhani mwenye moyo wa kisasi katika nyumba hii ni mimi. Mimi ni mwanagenzi.
Honi akaikunja karatasi. Akadhani yamekwisha. Akageuza mguu mmoja kuondoka.
Mama akatoka jikoni anafuta mikono kwa kanga. Akavuta kigoda, akaketi taratibu kando ya Kaka, akapanga nguo yake vizuri magotini.
"Baba," akamwambia Honi kwa upole, "mimi sikuwepo. Anzia mwanzo."